Wiki Nane za Pole

"Kumi," alisema Tusekile.

"Mbili," ulisema mkanda.

Tusekile aliulaza mguu wa mbwa juu ya zulia la mpira, akajifuta jasho kwa pindo la kanga, akautazama ule mkanda kwa jicho ambalo mumewe alilijua vizuri na kulikwepa. Alikuwa ameukunja na kuukunjua mguu wa nyuma mara kumi, goti likifika tumboni, unyayo ukirudi mpaka chini, vilevile kama kijitabu kilivyochora. Kumi ni kumi hata kwa mtoto wa chekechea. Lakini mkanda haukuhesabu mikunjo. Ulihesabu mikunjo ambayo mbwa mwenyewe alikuwa ameitaka.

"Zoezi la kwanza limekamilika," mkanda uliendelea, kwa sauti ya kike iliyonyooka kama ya msoma taarifa ya habari. "Nguvu ya mkanda: moja. Nia ya mbwa: mbili. Maendeleo tangu wiki ya kwanza: hakuna. Asante kwa kumpenda mnyama wako."

"Kamshukuru bibi yako," alisema Tusekile.

Mbwa aliitwa Semeni. Jina alipewa na Angolwisye, mume wa Tusekile, siku alipomleta kutoka Kiwira akiwa mdogo wa kubebwa kwenye koti, na majirani wakasema mzee watoto wamemkimbia sasa analea mbwa. "Semeni," aliwajibu, na jina likabaki. Sasa Semeni alikuwa dume kubwa la rangi ya kahawia, kifua kipana, na kuanzia kiunoni kurudi nyuma alikuwa mzigo. Chini ya ngozi ya mgongo wake, pale uti ulipokatika, kulikuwa na uzi ulioteshwa maabara, mwembamba kuliko unywele, uliounganisha upande huu na ule. Kazi ya mkanda, uliomzunguka kiuno na kushika mapaja yote mawili, ilikuwa kusikiliza ule uzi. Ubongo wa mbwa ukisema mguu uinuke, mkanda unadaka hilo neno na kusaidia kuuinua. Mbwa anataka, mkanda unaongezea. Asipotaka, mkanda unakaa kimya.

Zoezi la pili lilikuwa la kusimama. Tusekile alipitisha kanga nyingine chini ya tumbo la Semeni, akazishika ncha zote mbili juu ya mgongo na kumnyanyua kiuno, taratibu, mpaka nyayo nne zikagusa zulia. Zulia la mpira lilikuwa la lazima, kwa sababu sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta ilimtelezesha hata mwenye miguu mizima. Halafu akalegeza kanga kidogo, ili mbwa abebe uzito wake mwenyewe. Misuli ya mapaja ilitetemeka. Semeni alitoa mlio mwembamba wa maumivu.

"Pole," alisema Tusekile. "Pole baba, pole."

Mkanda ulitoa mlio wake mdogo, tik, na miguu ya Semeni ikajikunja chini yake. Tusekile alimshusha.

"Kusimama: sekunde moja," ulisema mkanda.

Ilikuwa Jumapili, siku ya mwisho ya wiki ya saba, na jambo hili lilikuwa limejirudia hivyo hivyo asubuhi, mchana na jioni, kila siku aliyoijalia Mungu. Alhamisi angekuja mtathmini. Nyuzi zilizokuwepo nchi nzima zilikuwa arobaini, na mradi ulikuwa umezitoa kwa mbwa wanaolala majumbani mwa watu, kwa maana uzi bila mazoezi ya nyumbani ni uzi tu. Mbwa akisimama sekunde kumi, uzi ni wake maisha. Akishindwa unatolewa, anapewa anayefuata kwenye foleni, na aliyeshindwa anarudi kulala kwenye mkojo wake mpaka vidonda vya ubavuni vimmalize. Tusekile alimwona mbwa mmoja wa hivyo Katumba. Hakutaka kumwona wa pili, na zaidi hakutaka Angolwisye amwone.

*

Kituo cha huduma kilikuwa Morogoro. Alipiga mara sita, akaambiwa na mashine mara sita kwamba simu yake ni muhimu, na mara ya saba akatokea mtu kwenye kioo cha simu, kijana mwenye miwani na vikombe vitatu vya chai nyuma yake. Jina lake Kiluvia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimewapigia mara saba."

"Naona hapa, mama. Tunaomba radhi kwa usumbufu wo—"

"Usiniombe radhi. Niambie kwa nini mkanda wenu unamwibia mbwa wangu. Namkunja kumi, unaandika mbili. Namsimamisha, unamwangusha. Namkanda asubuhi, namkanda jioni, mikono yangu hii hata kumenya ndizi haiwezi tena, halafu unaniambia maendeleo hakuna! Mimi ndiye sina maendeleo, au mkanda?"

"Pengine mama huufungi vizu—"

"Kijana. Nimefanya kazi kiwanda cha chai miaka ishirini na sita, nikifunga mikanda ya mashine kubwa kuliko nyumba yenu. Usinifundishe kufunga mkanda."

Akili ilimwelekeza Kiluvia kwenye unyenyekevu. "Basi tufanye pamoja, mama. Mimi nitazame tu."

Tusekile aliegemeza simu kwenye mtungi, akapitisha kanga, akamnyanyua Semeni. Angolwisye alikuwa amerudi kutoka shambani, akasimama mlangoni na jembe begani, kutazama. Mbwa alitetemeka, akalia.

"Pole baba."

Tik. Semeni akaanguka.

"Umeona?" alisema Tusekile.

"Mama," alisema Kiluvia, akiusogelea uso wa kioo mpaka pua ikawa kubwa, "hebu sema tena hilo neno."

"Neno gani?"

"Ulilomwambia mbwa."

"Pole?"

Tik, ukasema mkanda.

"Tena."

"Pole."

Tik.

Kiluvia aliufunika mdomo kwa kiganja. Tusekile alidhani amesikitika, kumbe anacheka, na kijana alipogundua anaonekana, kicheko kilimkauka.

"Mama, waliotunga msamiati wa huu mkanda si watu wa kwetu. Kiswahili walikiokota Kilimanjaro, kwenye kupanda mlima. Si unajua wale waongozaji wanavyowaimbia wageni, pole pole, pole pole, mpaka kileleni? Basi kwao pole ni punguza mwendo. Ukimwambia mbwa pole, mkanda unashusha nguvu mpaka moja, na inabaki moja mpaka uuzime na kuuwasha tena."

Angolwisye alilishusha jembe.

"Nasoma kumbukumbu hapa," aliendelea Kiluvia kwa sauti ya chini. "Umelisema mara elfu nne na mia moja. Kila zoezi. Wiki ya kwanza nia ya mbwa ilikuwa sita, mama. Sita! Alikuwa anataka sana. Ila kila akitaka, mkanda haumsaidii, mguu hauendi. Anajaribu tena, hauendi. Ubongo nao unachoka kupiga simu mahali pasipopokelewa. Ndiyo maana sasa ni mbili."

"Mbwa analia mbele yangu," alisema Tusekile, na sauti ilianza kupanda, "analia kwa maumivu, na mimi nina mdomo. Ulitaka nimwambie nini? Nimwambie hongera?"

"Hata mimi ningesema pole, mama. Nyumba zote zinasema. Ila nyingine wanasema mara moja mbili. Wewe mbona unamwambia sana hivyo?"

Tusekile alijifanya anafunga fundo la kanga.

"Lifuteni basi hilo neno," alisema.

"Nimeshapeleka ombi. Siku kumi na nne za kazi."

"Mtathmini anakuja Alhamisi!"

"Basi usiliseme tu, mama. Wala mtu mwingine asiliseme karibu." Alisita. "Na kile kitufe chekundu kwenye rimoti, chenye kifuniko, usikiguse. Kile ni cha kulazimisha. Kimewekwa kwa dharura, nyumba ikishika moto, mkanda umtembeze mbwa nje bila kungoja nia yake. Kwa mbwa mwenye nia ndogo, mara moja inatosha kuharibu. Ubongo ukiona miguu inakwenda bila kuulizwa, unaiacha kabisa. Anatembea, lakini hatembei yeye. Haigeuki tena."

"Na mtathmini anapima nini?" aliuliza Angolwisye kutoka mlangoni.

Kiluvia alivua miwani, akaifuta. "Sekunde, mzee. Fomu inauliza sekunde tu."

*

Kwa nini alimwambia sana hivyo, Tusekile alijua, na ndani ya nyumba ile alijua peke yake.

Wiki mbili kabla ya kuwekewa uzi, asubuhi ya mavuno, lori la maparachichi lilikuwa likingoja barabarani na Tusekile alikuwa amechelewa. Toroli lao lilijiendesha lenyewe kutoka shambani mpaka lori lilipo, na mgongoni lilikuwa na jicho la kuona kilichopo nyuma. Jicho lile lilikuwa na ushamba wake. Lilisimamisha toroli kwa kuku, kwa jani la mgomba, kwa kivuli. Asubuhi ile liliposimama mara ya nne, Tusekile alichukua kipande cha plasta ya kidonda, akalibandika jicho, akaliamuru toroli lirudi nyuma. Lilirudi. Semeni alikuwa amelala pale nyuma, kwenye jua.

Alibandua plasta kwanza. Hilo ndilo lililomsumbua kuliko mengine, kwamba mkono wake ulikwenda kwenye plasta kabla ya kwenda kwa mbwa. Halafu alimbeba mpaka kando ya barabara, akamlaza, na Angolwisye alipokuja mbio alimwambia ni pikipiki, imepita kasi, hakuona ya nani.

Kijijini mle pikipiki ya kupita kasi ilikuwa ya Mwaijande. Angolwisye na Mwaijande walikuwa wameoa mwaka mmoja, walizikiana wazazi, walikula pamoja kila Krismasi. Sasa walikuwa hawasalimiani. Mwaijande alikuwa amekuja mara mbili kuapa kwamba si yeye, na mara ya pili Angolwisye alimfungia mlango.

Ndiyo sababu Semeni alipaswa kutembea. Akitembea, kila kitu kingekwisha chenyewe. Hata Mwaijande angesamehewa kwa kosa ambalo hakulifanya, watu wangekula wali, na Tusekile asingehitaji kufungua mdomo maisha yake yote.

*

Jumatatu alianza upya, na kimya. Semeni alipolia aliuma pindo la kanga. Mkanda ulipoongeza nguvu, sita, saba, mguu wa mbwa uliinuka wenyewe kwa mara ya kwanza, na maumivu nayo yalikuwa mageni, na Semeni alilia kama hajawahi kulia. Kumtazama kiumbe anaumia na usimwambie kitu! Tusekile alihisi amekuwa mnyama yeye. Kanga ilitoboka.

"Nia: mbili," ulisema mkanda.

Jioni ile mguu ulikuwa unaanza tena kuinuka, Angolwisye akapita na ndoo, akasikia mlio.

"Oo, pole mzee wangu," alimwambia mbwa.

Tik.

Tusekile alimtupia mwiko. Mwiko ulimkosa ukagonga sufuria, na Angolwisye akasimama ameduwaa na ndoo yake, halafu akakumbuka, akajipiga paji la uso. Ikabidi mkanda uzimwe, uwashwe, mbwa apumzishwe, waanze mwanzo.

Jumanne walikuja akina mama wa kwaya. Walikuja kwa wema, na mkungu wa ndizi, na kabla mguu wa yule wa kwanza haujavuka kizingiti alishasema, "Poleni na mgonjwa." Tik. Wa pili naye, poleni. Tik. Walikuwa saba. Tusekile alisimama pale na kanga mkononi, machozi ya hasira yakimlenga, akawaambia ahsanteni sana, karibuni chai, nje. Walipoondoka alichukua mkaa akaandika mlangoni: HAPA HAKUSEMWI POLE. Kesho yake kijiji kizima kilijua kwamba Mama Lusajo, kama walivyomwita Tusekile, amechanganyikiwa.

Lakini Jumatano mchana Semeni alivuka vijiti vitatu vilivyolazwa sakafuni, mguu wa nyuma wa kushoto ukikokota, wa kulia ukiinuka kweli. Mkanda ulisema, "Nia: tatu." Angolwisye alicheka kwa sauti, akamshika mkewe mabega.

"Mke wangu," alisema, "Mungu alinipa mtu mwenye moyo."

Tusekile aliinama kukusanya vijiti.

*

Mtathmini, Daktari Mwangoka, alifika Alhamisi saa nne, mwanamke mrefu, mpole, mwenye begi la turubai na saa ya kupimia. Alisoma maandishi ya mlangoni, akaelezwa, akatikisa kichwa. Nyumba ya nne kumwambia hivyo, alisema, na barua ameandika, na fomu bado ni ileile.

"Mara mbili tu," alisema. "Akishindwa ya kwanza anapumzika robo saa, anajaribu ya pili. Mkimlegeza kanga naanza kuhesabu."

Tusekile alilegeza. Mkanda ulipanda, tano, sita, saba. Semeni alisimama. Alisimama kweli, miguu minne, kichwa kimeinama, mate yakimtoka kwa juhudi. Daktari alihesabu kwa midomo. Tatu. Nne. Angolwisye alikuwa ameishika fremu ya mlango kama ndiyo iliyokuwa ikianguka. Tano. Mbwa alianza kulia, na hakuna aliyesema kitu. Sita. Halafu paja la kushoto likaachia, na kiuno chote kikaenda chini.

"Sita," alisema daktari, na ilionekana wazi kwamba alikuwa anatamani iwe kumi. "Nitakaa nje kidogo."

Walipobaki wenyewe Tusekile alitazama kioo cha mkanda. Nia ya mbwa: moja. Alimkanda mapaja, akamsugua nyayo kwa vidole, akamtolea kipande cha nyama. Semeni aliipokea nyama kwa adabu, akalaza kidevu sakafuni. Dakika kumi zikapita. Nia ya mbwa: moja. Kwa nia ya moja mkanda usingefanya kitu, hata daktari angesubiri mpaka jioni.

Angolwisye aliokota rimoti juu ya kabati, akakifungua kile kifuniko, akamnyooshea mkewe.

"Bonyeza."

"Ulimsikia yule kijana."

"Nilimsikia. Bonyeza. Sekunde kumi tu, kisha unazima."

"Haigeuki tena, alisema. Hatakuwa anatembea yeye."

"Atakuwa hai! Atakwenda na mimi shambani. Mimi sijali nani anatembea, mkanda au nani. Mama Lusajo, wakitoa huo uzi mbwa huyu anakufa, unajua anavyokufa?"

"Najua."

"Basi?"

Tusekile aliichukua rimoti. Kidole gumba kilikaa juu ya kitufe chekundu, nacho kilikuwa laini, kimepinda kidogo katikati kupokea kidole, kimetengenezwa na mtu aliyefikiri vizuri. Sekunde kumi, na mambo yote yamekwisha. Mbwa wima. Mume anacheka. Jambo la toroli limezikwa. Semeni aliinua macho kumtazama, akapiga mkia, au tuseme alijaribu, kwa kuwa mkia nao ulikuwa upande ule wa uti.

"Sibonyezi," alisema. "Nimeshaharibu wiki saba za kutaka kwake. Alichobaki nacho ni hicho kimoja. Simchukulii."

"Ni mbwa wangu!"

"Ni wako. Bonyeza wewe, basi."

Alimrudishia. Angolwisye aliishika rimoti, akamtazama mbwa, akaitazama rimoti, kidole kikaenda na kurudi, kikaenda na kurudi. Mwishowe alikifunga kifuniko, akaiweka rimoti kabatini, akakaa kwenye kigoda na kuinamisha kichwa.

Tusekile alitoka nje kumwambia daktari kwamba hawatajaribu ya pili. Daktari aliandika sita, akamwomba saini, akasema watakuja Jumatatu kuutoa uzi, na kwamba mbwa anayefuata yupo Njombe. Alipofika getini aligeuka, akafungua mdomo, akausoma tena mlango, akafumba mdomo.

Ndani, Angolwisye alikuwa amehamia sakafuni, kichwa cha Semeni kwenye paja lake. Alikuwa amelia, na sasa alikuwa amemaliza.

"Usijilaumu," alimwambia mkewe. "Mimi nimekuona. Wiki nane mgongo umekupinda kwa ajili ya mbwa wangu. Wa kulaumiwa yuko hapo ng'ambo ya mto, na Mungu anamwona. Nitakufa sijampa Mwaijande mkono."

Angeweza kunyamaza. Mumewe alikuwa amelifunga jambo mwenyewe, na kulipiga muhuri. Alikaa sakafuni upande wa pili wa mbwa, kwenye zulia la mpira, akanyoosha miguu iliyokuwa ikimuuma.

"Hakukuwa na pikipiki, Baba Lusajo," alisema. "Lilikuwa toroli letu. Nililibandika jicho plasta ili lisinicheleweshe, nikalirudisha nyuma, na yeye alikuwa amelala pale. Nilimbeba mimi mpaka barabarani."

Angolwisye hakusogea. Mkono wake ulikuwa juu ya sikio la Semeni, ukabaki palepale. Nje kuku walikuwa wanaparura majani ya migomba. Mwishowe aliuinua uso.

"Na wiki nane zote hizi," alisema, "ulikuwa unamwambia pole?"

"Ndiyo," alisema Tusekile.